Usiivunje nguzo, iache haijamalizika

Swali la msomaji:

"Hujambo Mwalimu. Mimi ni dada wa miaka 27, naishi Nyalenda hapa Kisumu. Miaka sita nimefanya kazi kwenye karakana ya jua kali kando ya barabara ya Busia. Tunamimina nguzo za simiti, zile wateja wanaziita pila za Kirumi, pamoja na vijinguzo vya roshani. Tangu mwaka jana oda zimekauka, na nyumba nyingi tulizozipelekea nguzo zimekwama usawa wa madirisha. Mwenye karakana ana deni langu la miezi miwili. Badala ya pesa amenipa moldi mbili kuukuu za faibaglasi. Nimekuwa nikichonga kidogo kidogo tangu shule, na sasa nataka kutengeneza sanamu yangu mwenyewe inayojibu hizo nguzo na hii hali ngumu. Nilifikiria kuvunja nguzo katikati niilaze chini. Je, hilo linatosha? Nitumie nini na pesa sina? Na niipake rangi nyeupe?"

Jibu:

Dada yangu, sijambo, na poleni na hali.

Nianze na hilo la kuvunja nguzo, maana nililifanya kabla yako na najua linakoishia. Miaka mingi nyuma, hapa Nakuru, nilimimina nguzo ya mita mbili, nikaipiga nyundo, nikailaza kwenye nyasi vipande vitatu. Nilijiona nimesema jambo zito kuhusu uchumi. Watu walipita, wakasema "pole, imevunjika," wakaenda zao. Mwishowe hoteli moja ikainunua. Sasa iko kando ya bwawa la kuogelea, ufa wake umepandwa maua, na maarusi hukaa juu yake wapigwe picha. Pesa nilizila, sikatai, zilikuwa za karo. Lakini tangu siku hiyo nilijiuliza kwa nini kitu nilichokusudia kiwaumize watu kiligeuka kuwa pambo upesi hivyo.

Jibu nililipata kwenye historia. Nguzo iliyovunjika imekuwa pambo la matajiri kwa muda mrefu. Karne ya 18 huko Ulaya, mabwana wenye mashamba makubwa walijengewa magofu mapya kabisa kwenye bustani zao, mahekalu ya uongo yaliyoanguka kwa mpango. Karibu na Paris, mahali paitwapo Désert de Retz, bwana mmoja alijijengea nyumba nzima yenye umbo la kigutu cha nguzo kubwa iliyokatika, ina mifereji yake na mpasuko wake juu, na ndani mna vyumba na ngazi. Hiyo ilikuwa miaka ya 1780, Mapinduzi ya Ufaransa yakiwa mlangoni. Gofu ni starehe ya mtu mwenye nyumba nyingine ya kulala. Ukiivunja nguzo yako utakuwa unazungumza lugha ya yule mteja aliyekuagiza nguzo, si yako.

Tena haisemi kweli. Hebu simama hapo barabarani uangalie. Umeona nguzo ngapi zilizoanguka kuanzia Otonglo hadi Maseno? Ulichokiona, na umekiandika mwenyewe, ni nyumba zilizokwama usawa wa madirisha. Nguzo zimesimama wima, nzima, na juu yake vyuma vya D12, vya unene wa milimita 12, vimechomoza mita moja hewani vikiota kutu, vikisubiri ghorofa ambayo mwenye nyumba bado anaamini itakuja. Gofu lilikuwa nyumba zamani. Mjengo uliokwama unangoja kuwa nyumba, na kungoja huko ndiko kugumu. Ugumu wa maisha kwetu una sura hiyo: mtu hajaanguka, amesimama na vyuma kichwani. Kwa hiyo ushauri wangu wote ni huo ulioko kwenye kichwa cha habari, na yanayofuata ni namna ya kuutekeleza.

Na usidhani nguzo isiyomalizika ni jambo la kwetu tu. Huko Sisilia, mahali panaitwa Segesta, kuna hekalu la Kigiriki la karne ya 5 kabla ya Kristo lililokwama. Nguzo zote zimesimama, lakini hazikuchongwa mifereji; ni laini kama mikebe. Kwenye ngazi zake bado kuna vinundu vya mawe ambavyo mafundi waliviacha vya kushikia kamba wakati wa kuinua, vikisubiri kukatwa mwishoni. Mwisho haukufika. Mifereji ilikuwa kazi ya mwisho, unaona: nguzo ilisimamishwa kwanza kwa vipande vya mviringo, kisha mafundi wakaichonga ikiwa wima. Ndiyo maana pesa au amani ikikatika, kinachobaki ni nguzo laini. Wewe moldi yako hukupa mifereji na kila kitu kwa siku moja, kwa hiyo hujawahi kuona hatua hiyo. Itafute.

Sasa tuzungumze kidogo kuhusu hizi "pila za Kirumi", kwa sababu huwezi kujibu kitu usichokijua kwao. Zile zenye majani kichwani, ambazo naamini ndizo wateja wako walizipenda zaidi, ni za mtindo wa Kikorintho. Asili yake ni Ugiriki. Warumi waliupenda wakausambaza, Waingereza wakauchukua, na ukafika kwetu pamoja na mahakama na benki. Ukienda Nairobi tazama maktaba ya McMillan ya mwaka 1931, nguzo zake na simba wake wawili mlangoni. Wakati wa ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Nguzo zilikuwa zikisema hivyo kabla ya askari wa mlangoni hajafungua mdomo. Na leo mwalimu mstaafu wa Luanda akiweka nguzo hizo kwenye baraza lake anasema: sasa mlango ni wangu. Mimi simcheki. Wachongaji wengi wa mjini humcheka, na nadhani ni kukosa adabu. Sanamu yako ikiwacheka hao waliokulisha miaka sita itakuwa imepotea njia.

Kuna kisa cha jinsi kichwa cha Kikorintho kilivyozaliwa. Amekiandika Vitruvius, fundi na mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo. Binti mmoja wa Korintho alifariki akiwa amefikia umri wa kuolewa. Baada ya maziko, yaya wake akakusanya vikombe na vitu vidogo alivyovipenda, akavitia kwenye kikapu, akakiweka juu ya kaburi na kukifunika kwa kigae cha paa ili mvua isiviharibu. Kikapu kilikuwa kimekalia mzizi wa mmea uitwao akantho. Majira ya kuchipua yalipofika, majani yakakizunguka kikapu, yakapanda, yakagonga pembe za kigae, na kwa kuwa uzito uliyazuia yakajikunja nje. Mchongaji Kalimako akapita, akaona, akapenda. Kama ni kweli au hekaya, si neno. Litazame tu lile umbo: kikapu cha mali ya mtu aliyekufa, paa juu yake, na kitu kinachotaka kukua kikizuiwa na uzito. Miaka sita umekuwa ukimimina kaburi la msichana bila kuambiwa.

Sasa rudi kwenye ule mjengo uliokwama. Vyuma vimechomoza juu ya nguzo. Vinataka kupanda. Ukiviwekea uzito juu, vitajikunja nje. Hayo ndiyo majani yako.

Uzito gani? Hapa nitakuambia ningefanya nini mimi, lakini sanamu ni yako. Kila mtu aliyeanza kujenga akakwama ana kitu kimoja stoo: mfuko wa simiti ulioganda. Aliununua bei ikiwa nafuu, akauweka, pesa ya fundi ikaenda hospitali au shule, paa likavuja msimu wa mvua, na mfuko ukawa jiwe. Karatasi ikibanduka, jiwe linabaki na umbo la mfuko, na mikunjo ya pembeni, hata mshono. Huo ni mchongo ambao hali ngumu imeuchonga yenyewe, na mkono wako hauwezi kuuboresha. Hakuna anayeuza, utapewa bure na ushukuriwe kwa kuuondoa. Chagua ule ulionyeshewa ukaganda hadi ndani. Ule ulioshika unyevu wa hewa tu huwa na madonge nje na unga katikati, utakumomonyokea.

Basi: nguzo, vyuma vinane vimechomoza, mfuko umelala bapa juu yake mahali pa kigae, na vyuma vimejikunja chini ya kingo zake na kuinuka kidogo kwenye pembe. Kwa nini vinane? Kichwa cha Kikorintho kina safu mbili za majani manane manane. Wewe chukua safu moja. Kuna atakayekuambia utumie majani ya gugumaji la ziwani badala ya akantho, ili iwe "ya Kisumu". Nimeshaona michoro ya namna hiyo. Ni tamu mno, na gugumaji lenyewe ni mgeni aliyetuharibia samaki. Achana nalo.

Kati ya mfuko na nguzo weka ngata. Hapa naomba univumilie, maana ni jambo ninalolipenda. Nguzo ya Kigiriki ya mtindo wa zamani zaidi, Kidoriki, kichwani haina majani. Ina mto wa mviringo tu, umefura kidogo pembeni kama unaobanwa. Kazi yake ni kupokea boriti isikae moja kwa moja kwenye shina. Mama yako, au mama yeyote anayeshuka matatu Kibuye na beseni, hukunja lesso mviringo, akaiweka utosini, ndipo mzigo ukae. Ni kitu kilekile kwa sababu ileile. Pale Athene, kwenye hekalu la Erechtheion, kuna wanawake sita wa mawe wanaobeba paa la baraza, na kati ya kichwa na paa kila mmoja ana mto wake. Vitruvius anadai wanawake wa namna hiyo ni mateka walioadhibiwa kubeba milele. Ndiyo sababu nakuonya usichonge mwanamke mwenye mzigo kichwani. Maduka ya watalii yamejaa huyo mama, mwembamba, hana uso, anauzwa pamoja na twiga. Ngata peke yake inamtaja bila kumtumikisha tena.

Ngata itengeneze kwa lesso halisi ya pamba, iliyochakaa; ya nailoni hainywi simiti. Ilowanishe, ikamue, ichovye kwenye uji wa simiti na mchanga uliochekechwa laini, kipimo kimoja kwa kimoja, uisokote na kuizungusha juu ya sufuria kuukuu iliyopinduliwa na kufunikwa karatasi ya nailoni. Upana wake usizidi sentimita 18, ili vyuma vipite nje yake. Vaa glavu, simiti mbichi huunguza ngozi, na tafadhali usiijaribu kichwani.

Kuhusu shina la nguzo: usimimine zege tupu. Najua karakana yenu humimina hivyo. Nguzo yenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 2 ikijaa zege ina uzito wa kilo 340 hivi, maana zege la mita moja ya ujazo ni kama kilo 2,400. Nilishawahi kuvunja mlango wa nyuma wa pikapu ya watu kwa ujinga huo, na vijana wanane walinidai chakula cha mchana. Wewe tengeneza ganda. Fungua moldi nusu mbili, paka oili chafu, piga plasta ya kipimo cha simiti moja kwa mchanga miwili unene wa sentimita moja, laza waya wa kuku mikunjo miwili ukiuacha utokeze kwenye kingo, piga plasta tena hadi ufike sentimita mbili na nusu. Unganisha nusu mbili kwa kufunga zile kingo za waya na kuziba kwa ndani. Ganda hilo litakuwa na kilo kama 100, na litakula zaidi kidogo ya nusu mfuko wa kilo 50.

Vyuma vipite ndani ya ule uwazi, vimefungwa kwa ringi tatu au nne. Vyuma viwili vya mita 12 vinakupa vipande vinane vya mita 3. Lakini kama hauna pesa hizo, omba mabaki kwenye mijengo, hata D10 inafaa, na uombe risiti au barua fupi. Biashara ya vyuma chakavu ina sheria yake ya mwaka 2015 na polisi huuliza. Chini jaza zege sentimita 20, juu vilevile 20, ili vyuma vishike. Jumla utafika kilo 170 hivi. Vijana wanne wanainua bila ugomvi. Kitako kimimine palepale sanamu itakapokaa, sentimita 80 kwa 80 na unene wa 15, huku ncha za chini za vyuma zikiwa zimeingia ndani yake. Watoto watapanda, hilo halina mjadala, kwa hiyo ukisukuma kwa bega lako lote isitikisike. Mfuko nao utoboe katikati na uupitishie chuma cha tisa kutoka kwenye zege la juu. Ni kilo 50 na zaidi juu ya vichwa vya watu. Usitegemee ngata.

Neno moja kuhusu kutu, kwa sababu utataka iwepo na lazima ujue pa kuiruhusu. Nje, kwenye yale majani, iache ichuruzike. Mvua mbili tatu za Kisumu zitaichora michirizi ya rangi ya chai kwenye shina, na hiyo ni kazi usiyoilipia. Ndani ya zege usiikubali. Chuma kikishika kutu hufura, na kikifura hupasua kila kinachokizunguka. Parthenon yenyewe, lile hekalu kubwa la Athene, iliumizwa hivyo. Wajenzi wa kale walivifunika vibanio vyao vya chuma kwa madini ya risasi, vikadumu. Mwanzoni mwa karne ya 20, mhandisi aliyeikarabati alitumia chuma bila kinga hiyo. Miongo michache baadaye marumaru ikaanza kupasuka, na mafundi wa siku hizi wamekuwa wakiving'oa vile vyuma na kutia titani, metali isiyoota kutu. Kwako titani haipo. Kwako kinga ni simiti ya kutosha kukizunguka chuma, isiyo na maji mengi kwenye mchanganyiko, na kumwagilia siku saba ukiwa umeifunika kwa magunia mabichi. Usipandishe mfuko kabla ya siku 28. Kama unaweza kupata jivu la makapi ya mpunga kutoka Ahero, lililochomwa hadi likawa la kijivu na kusagwa laini, linaweza kuchukua nafasi ya sehemu ndogo ya simiti. Lijaribu kwenye kipande cha kando kwanza.

Mifereji sasa. Ukivua moldi, shina lako litakuwa na mifereji juu hadi chini. Ijaze ile ya nusu ya juu kwa plasta na uilainishe, ili nguzo ionekane imechongwa hadi katikati, kisha pesa ikaisha. Pasiwe na mstari mnyoofu pale inapoishia. Fundi halisi aliyeachishwa kazi saa tisa mchana huacha mfereji mmoja mbele ya mwingine. Huo mpaka ukienda sawasawa itaonekana ni urembo.

Na hapa nirudi kwenye deni lako la miezi miwili. Yale mahesabu ya ujenzi wa Erechtheion, ya mwaka 409 hadi 407 kabla ya Kristo, yamesalia kwa sababu Waathene waliyachonga kwenye marumaru na kuyasimamisha hadharani. Yameorodhesha nani alichonga mifereji ya nguzo ipi na alilipwa ngapi. Raia, mgeni mkazi na mtumwa wamo kwenye orodha moja, na kiwango cha kawaida kilikuwa drakma moja kwa siku kwa kila mmoja, ingawa ya mtumwa bila shaka iliishia mfukoni mwa bwana wake. Ndani ya hekalu zuri kuliko mengi duniani kuna daftari ya vibarua. Wewe pia una daftari, au kama huna, una kumbukumbu. Ukivua moldi baada ya siku moja simiti bado inakubali msumari. Ndani ya mifereji ya chini andika siku zako: tarehe, kazi, kiasi, "imelipwa" au "bado". Mfereji mmoja, mstari mmoja. Nguzo za kale za Kikorintho kwa kawaida zina mifereji 24. Hesabu uone nguzo yako ina mingapi. Jina la mwenye karakana usiliandike. Si kwa kumwogopa. Huenda yeye naye ana daftari yake anayodai wenye nyumba zilizokwama, na sanamu yenye jina la mtu mmoja hugeuka kuwa barua ya mashtaka. Deni lenyewe lifuate kwa njia yake, ofisi ya leba ipo Kisumu.

Umeuliza kwa mkato kama kuna wengine waliofanya kazi ya namna hii, la, hukuuliza, lakini nitakutajia mmoja. Msanii Ibrahim Mahama wa Ghana hukusanya magunia ya juti yaliyobeba kakao na baadaye makaa, yaliyotoboka, yenye mihuri na majina ya watu, akayashona pamoja na vibarua na kuyafunika majengo. Mwaka 2017 aliyafunika majengo ya lango la zamani huko Kassel, Ujerumani, ya mtindo huohuo wa nguzo na boriti. Hakuvunja chochote, wala hakuchonga. Aliliwekea jengo mzigo uliolijenga. Ninachokipenda kwake ni kwamba gunia halijasafishwa. Basi na wewe mfuko usiusugue, na lesso usichague ile yenye methali nzuri. Chukua iliyopo.

Mawe ya Tabaka? Ungeweza kuchonga ngata kwa jiwe la sabuni la Kisii, ni laini na linachongeka kwa kisu na tupa likiwa limelowa. Lakini nauli ya jiwe, na kazi hii haitaki jiwe zuri. Nakutajia Tabaka kwa sababu nyingine: mchongaji Elkana Ong'esa ametoka huko, na ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Mtu akikuuliza nani alikupa ruhusa ya kujibizana na nguzo za Ulaya, mwambie mazungumzo yalianza zamani, na Gusii ilishasema.

Pa kuiweka: isimamishe kwanza kando ya barabara ileile, mahali nguzo za kuuza zinapopangwa, kama mwenye karakana atakubali. Nadhani atakubali, itavuta wateja. Usiipandishe kwenye jukwaa. Iwe kwenye foleni na wenzake weupe, mtu apite na pikipiki, aende mita hamsini, ageuze. Kama unataka uwanja wa umma itabidi uandike kaunti, na hapo jitayarishe kusubiri.

Rangi nyeupe, hapana. Wateja hupaka nyeupe kwa kuwa wanadhani mahekalu ya kale yalikuwa meupe matupu, na ni kosa la watu wengi wasomi pia. Mahekalu ya Kigiriki yalipakwa buluu na nyekundu na dhahabu. Mvua na karne nyingi ndizo zilizoyaosha. Iache kijivu cha simiti. Kama utaona nusu ya chini, yenye maandishi, haisomeki kutoka barabarani, pitisha oili chafu kidogo kwa kitambaa ndani ya herufi, kisha futa juu.

Na angalia mawingu kabla hujaijaza ile mifereji ya juu. Mvua ya jioni ikija kutoka ziwani plasta ikiwa bado mbichi, kazi yako yote itaoshwa, uanze tena kulainisha.